Macho Kwenye Mikono ya Fundi

Mimi si mtu wa kuamini mafundi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Saa ya ukutani ya marehemu baba ilikwenda kwa fundi imesimama, lakini ina kengele yake. Ikarudi inatembea vizuri ila bubu. Fundi akaapa kwamba ilikuja bubu. Tangu hapo, kitu changu kikiharibika, fundi ndiye anayekuja kwangu, anakaa kwenye kiti changu, nami nakaa mbele yake. Wengi hapa Korogwe nao walikuwa na mtindo wa kumlinda fundi. Walivuta kigoda kibandani kwa fundi redio wakashinda hapo kama wanauguza mgonjwa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanapiga na soga, na mimi nilikuwa naangalia mikono tu.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, nikaiona nchi ikitoka kwenye maduka matupu na kuingia kwenye soko huria. Zamani tuliuliza kama kitu kipo. Ilipokuja ruksa kila kitu kikawepo, tukaanza kuuliza kama ni chenyewe. Betri zilivuja kabla hazijawasha tochi, nyembe hazikukata, mafuta ya kujipaka yaliwababua watu nyuso. Kompyuta yangu nayo iliingia kwa mlango huohuo. Binti yangu aliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumiwa na watu tusiowajua na kupitia Dubai, ikashushwa stendi ya Korogwe imeviringishwa kwenye blanketi. Siku ya kwanza niliifuta kwa spiriti.

Lakini tabia yenyewe sikuitoa kwenye soko huria. Niliitoa kwa mama.

Mama aliishi Mazingara, huko Handeni, maisha yake yote. Kucha alizokata alizifukia mwenyewe. Nywele zake hakuna aliyejua zilikokwenda. Maji ya mtungini hakunywa kama kifuniko kimekaa tofauti na alivyokiacha. Na picha hakupigwa. Alikuwa na swali moja ambalo liliwashinda wapiga picha wote waliofika kwenye harusi zetu: picha yako ikishatoka, inakaa kwa nani? Wakijifanya hawakumsikia, yeye anasubiri mpaka kamera inyanyuliwe, kisha ananyanyua kanga. Ndiyo maana katika picha za ukoo wetu, kila harusi ina kanga moja isiyo na kichwa.

Alikubali mara moja tu. Binti yangu alikuwa amejifungua, akamleta mtoto Mazingara, akaja na kamera ya kidijitali aliyoiazima kazini. Mama alipompakata kitukuu wake, akamtazama muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, wala si binti yangu, kama picha ile ikipigwa itakaa wapi. Nikamwambia itakaa ndani ya kompyuta yangu, nyumbani kwangu.

"Na ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu."

"Isiende dukani kwa mtu," akasema, na akateremsha kanga mabegani.

Nilitimiza ahadi. Kuisafisha picha kwenye studio kulikuwa na maana ya kumwachia mtu mwingine nakala, kwa hiyo sikuisafisha. Binti yangu aliihamisha kwenye kompyuta, akafuta yote yaliyokuwa kwenye kamera, akairudisha kwa wenyewe. Picha ikabaki moja duniani, na niliona nimefanya jambo la maana sana.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Mpaka arobaini inapita sikuwa nimethubutu kuifungua ile picha. Nilijua ipo, na kujua huko kulinitosha. Halafu alasiri moja nikaiwasha kompyuta nikiwa nimejikaza kweli. Umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi kwa hasira, taa ikang'aa kama jua, na ndani ya kasha la kompyuta kikasikika kishindo kidogo, kikafuatiwa na harufu ya nywele zinazoungua. Nilipowasha tena, kioo kikaandika kwamba hakioni diski.

Niliogopa. Sikuwa naogopa hasara, maana mashine yenyewe ilikuwa kongwe. Niliogopa kwa sababu nilifumba macho nikamtafuta mama, nikaona kanga. Maua yake niliyaona, mpaka pindo lililofumuka, lakini uso haukuja. Nilikaa kwenye kile kiti nikalia kama mtoto.

Fundi wa kompyuta hapa mjini wakati huo alikuwa mmoja, kijana aliyejifunzia Kariakoo na hakukuacha uisahau Kariakoo hiyo. Alikuja, akatoa shikamoo huku macho yake yameshatua kwenye mashine, akachomoa diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu ulichoweka kwenye kompyuta. Akainusa. Akasema bodi imeungua, yaani kile kibao cha kijani cha saketi kilichofungwa mgongoni mwake. Vilivyomo ndani huenda ni vizima. Kisha akasema yale niliyokuwa nayasubiri: nimwachie aondoke nayo.

Nikamwambia haitoki humu ndani. Akacheka, akasema mama, hiyo diski siwezi kuila. Nikamjibu kwamba saa ya baba nayo hakuna aliyeila. Hakuelewa, wala sikumweleza.

Tukakubaliana afanyie kazi mezani kwangu. Nilitandika shuka jeupe kama ninaandaa vyombo vya upasuaji, nikaweka visahani vya skrubu. Alipoifungua ile bodi nikamwomba asubiri, nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikatia doa kwenye bodi kwa ndani na jingine kwenye chuma cha diski, kama tunavyotia alama sufuria zinazokwenda shughulini. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyetukanwa. Potelea mbali, nikasema moyoni. Sufuria zangu zimekuwa zikirudi zote.

Dawa yake, alisema, ni kubadilisha bodi: kupata ya diski nyingine iliyofanana na hii kwa kila kitu, mpaka namba zake, kuifunga hapa kwa muda na kunakili tunachotaka. Nililisikia hilo neno, kubadilisha, likanipanda kichwani. Maisha yangu yote nimekaa macho nisibadilishiwe kitu, na sasa naambiwa mama yangu atarudi kwa kubadilishiwa. Nikamuuliza bodi hiyo ataitoa wapi. Akasema hiyo nimwachie yeye.

Akapotea. Shemeji yangu aliyeko Tanga akanipigia simu kunishauri niitie diski kwenye friza, kwamba kuna mtu ilimponea. Nikamshuku hata yeye. Kila nikipita stendi naona kibanda chake kiko wazi na kijana ameinamia mashine za watu, nami sikuthubutu kumwuliza, maana niliogopa asije akaniambia haipo.

Siku aliyorudi, alikuwa na bodi mfukoni imefungwa kwenye gazeti. Akasema kaitoa kwenye mashine iliyokufa, chakavu, ya kutupwa. Akaifunga haraka haraka, akarudisha diski ndani ya kompyuta yangu, akawasha. Nilisikia diski ikianza kuzunguka, sauti ndogo nyororo. Kioo kikafunguka. Akatafuta faili nililomwelekeza, lakini nikamzuia asilifungue. Nilitaka tu alinakili kwenye flashi. Akaninakilia. Nikaichomoa mwenyewe nikaitia kwenye mkoba.

Ndipo akafanya kosa. Badala ya kukaa anywe chai iliyokuwa imeshamiminwa, akazima mashine na kuanza kuifungua ile bodi. Nikamwambia aiache, maadamu ni chakavu ya kutupwa, nitamlipa. Akasema haiwezekani. Nikauliza kwa nini. Akasema bodi hizi ni adimu. Nikasema ndiyo maana nataka kuinunua. Jasho likamtoka puani. Alipoivua nikanyoosha mkono, naye kwa mazoea ya kumheshimu mtu mzima akanipa.

Niliigeuza. Kwa ndani, pembeni kabisa, kulikuwa na doa la rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kupakia milango. Lilikuwa limetiwa kwa uangalifu, mahali ambapo mtu asiyejua hawezi kulitafuta.

Hakuna anayetia alama kitu cha kutupwa. Mahali fulani kulikuwa na mtu wa aina yangu, na fundi alikuwa amemzidi ujanja.

"Hii ni ya nani?"

Akaokota lile gazeti akalikunja. Akasema ni ya mteja wa Handeni, mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, aliyeleta kompyuta yake abadilishiwe feni. Feni ilishawekwa. Alikuwa anaiazima tu bodi, na angeirudisha kabla mwenyewe hajaja, na hakuna ambaye angejua.

Nilikasirika, na katikati ya hasira nikakumbuka kilichomo kwenye mkoba. Ningemgombezaje kwa jambo lililonirudishia mama? Nikaifunga bodi kwenye leso, nikaitia kwenye mkoba pamoja na flashi, nikamwambia atangulie. Nilitaka kuiona inarudi ilikotoka kwa macho yangu mwenyewe.

Kibandani nikakaa kwenye benchi la wateja. Ile mashine ya Handeni ilikuwa mezani, na alama ya kijani ilikuwa kila mahali: kwenye kasha, kwenye waya, mpaka kwenye plagi. Nilimpenda yule mama kabla sijamwona. Fundi akarudisha bodi kwenye diski na diski kwenye kasha, mimi nikiwa nimeinama karibu yake, bisibisi moja nimemshikia. Alikuwa bado hajafunga ubavu wa kasha pale mlango ulipotiwa kivuli.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, vumbi la barabara ya Handeni likiwa bado kwenye viatu. Hakusalimia. Alitazama mashine iliyo wazi, akatazama bisibisi mkononi mwangu.

"Wewe ni nani, na mashine yangu umeifungulia nini?"

Fundi akanitazama kwa macho ya kuomba. Ningeweza kusema mimi ni mteja tu, nikaondoka zangu na mama yangu. Lakini niliyaona macho ya yule mwanamke, nikajua kwamba uongo wangu ungekaa naye miaka kama ile saa ilivyokaa nami. Nikamweleza yote: diski iliyoungua, bodi yake iliyoletwa kwangu bila yeye kujua, alama yake iliyonishtua, na kwamba imesharudi mahali pake. Fundi akawa anatazama sakafu.

Mama wa Handeni hakupandisha sauti. Alikagua bodi, akaliona doa lake, akakagua waya mmoja mmoja. Kisha akanigeukia.

"Fungua mkoba."

Siku nyingine mtu angeniambia hivyo, Korogwe yote ingesikia. Nikafungua. Nikaviweka mezani kimoja baada ya kingine: leso, tasbihi, miwani, funguo za nyumba, flashi. Akaichukua flashi akaigeuzageuza.

"Na hii?"

"Ni picha ya mama yangu. Ndiyo iliyotuleta hapa."

Hakuniamini. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini. Akamwamuru fundi awashe mashine ilivyo, wazi vilevile, akaichomeka.

Basi mara ya kwanza kumwona mama tangu nimzike ilikuwa kwenye kioo cha mtu baki, kibandani, kelele za stendi zikiwa nje. Kanga ilikuwa mabegani. Kitukuu alikuwa mapajani, na mama alikuwa amemkinga uso kwa kiganja, yeye mwenyewe akitutazama sisi moja kwa moja, kama anayeuliza ufunguo anao nani. Nilikuwa nimeusahau ule mkunjo kati ya nyusi. Nikashika meza.

Yule mwanamke akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu hakuwa anamwamini mtu," akasema.

"Hata mimi hakuniamini sana."

"Pole, mwenzangu."

Kisha akaifunga picha, akapekua mashine yake mwenyewe kuhakikisha haikubakia humo hata nakala moja, akachomoa flashi na kunitia kiganjani, akanifumba vidole. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumtunza mama namna ile. 

Nilipoanza kurudisha vitu vyangu mkobani niondoke, akavuta kigoda upande wa pili wa meza akakaa. Fundi alikuwa ameshaokota skrubu za kasha.

"Usiondoke kwanza," mama wa Handeni akaniambia. "Wewe mwangalie mikono, mimi naangalia meza."

Fundi akacheka peke yake. Nikakaa, nikavaa miwani.