Betri ya Kipyego, Ijumaa za Linet

Mimi sina subira na mtu anayesimama dukani bila kununua kitu, na Joseph Kipyego alisimama dukani kwangu hapa Kiplombe karibu kila siku kwa miaka mitatu. Alikuwa akingoja betri yake ipoe.

Kipyego alikuwa mtu wa pikipiki, na pikipiki yake ilikuwa ya stima. Asubuhi alibeba mitungi ya maziwa ya wakulima hadi mjini, halafu akabeba watu. Saa saba kasoro mchana alifika kwangu, kwa sababu stima ya nyumbani kwake ilikuwa inakatika ovyo, na soketi yangu iko karibu na barabara. Mtu mwingine angechomeka chaja aende zake. Yeye aliweka kiganja juu ya betri, vile mama anavyomshika mtoto mwenye homa, akasema, "Bado iko moto, Bilal. Wacha tuipatie nusu saa." Kisha akasimama pale pale mbele ya magunia ya unga, akizuia wateja.

"Hiyo ni betri ama ni bibi arusi?" nilikuwa namuuliza. Alicheka tu, na hakusogea.

Alikuwa na masharti kama ya mganga. Betri isiachwe iishe kabisa. Ikifika thelathini anaitafutia soketi. Isijazwe, ikifika themanini inatolewa. Chaja ya haraka iliyoko mjini aliikwepa kwa kuwa inapasha betri moto, akatumia ile ndogo iliyokuja na pikipiki, hata kama inachukua mchana mzima. Isiachwe juani. Mwezi wa saba, baridi ya huku ikishika, aliifunika kwa blanketi chakavu, na asubuhi hakuichomeka mpaka jua litoke. Siku ya soko la kule mji wa Ziwa peke yake ndiyo aliijaza mia kwa mia, kwa kuwa njia ni ndefu, na hapo hakuiacha ikae imejaa. Ikijaa tu, anapanda anaondoka.

Mlinzi wa ile themanini nilikuwa mimi. Yeye alienda kula na kupumzika, mimi saa kumi nikaenda msikitini kwa alasiri, na nikitoka huko natembea mbio kama anayefukuzwa, nisije nikakuta tisini. Siku moja imamu alituchelewesha, nikakuta tisini na sita. Kipyego hakunigombeza. Aliiangalia ile namba, akatikisa kichwa polepole, akakunja waya wa chaja. Nilikasirika kuliko kama angenitukana. Nikamwambia kama betri yake ni malkia aiajirie askari, mimi niko na duka la kuendesha.

Ndipo akaniambia. Alikaa juu ya kreti ya soda, jambo ambalo hakuwa analifanya, akavua kofia.

"Bilal, hii betri si ya maziwa. Hii ni ya Linet."

Linet alikuwa mkewe, na figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Kila Jumanne na kila Ijumaa ilibidi apelekwe hospitali kubwa mjini, alazwe kando ya mashine kwa muda wa saa nne asafishwe damu. Akitoka huko hana nguvu hata ya kushika mwamvuli. Harufu ya petroli ilikuwa inamtapisha, kwa hiyo ndani ya gari la abiria hakufika mbali, na juu ya pikipiki ya kawaida ndiyo kabisa. Kipyego aliuza pikipiki yake ya zamani na ng'ombe wawili ili apate hii isiyo na moshi wala kelele. Alimfunga mkewe kwa shuka kiunoni mwake asianguke, na Linet alilala njia nzima, kichwa kikiwa mgongoni kwa mumewe.

"Wale walioniuzia walisema nikiishika vizuri itakaa miaka minane," akasema. "Ikikufa mapema, sina ya kununua ingine. Nataka imbebe hiyo miaka yote minane. Baada ya hapo Mungu atajua."

Tangu siku hiyo sikuchelewa tena kutoka msikitini.

Linet mwenyewe hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa amefundisha watoto wa nasari kabla ya ugonjwa, na alisema na kila mtu kana kwamba ana miaka mitano. Aliniambia nifagie mlango wangu. Aliniambia kilo yangu ya sukari ina haya, haitaki kufika kilo. Mumewe akiingia alimwonyesha kwangu kwa kidevu: "Unaona huyu? Akiamka anauliza hali ya betri kwanza, halafu yangu." Kipyego alijitetea, "Lakini si nauliza?" na Linet alicheka mpaka akakohoa. Mkono wake wa kushoto, pale wanapodunga sindano za mashine, ulikuwa umevimba mshipa mnene kama kamba, na hakuuficha. Binti yao mmoja, Janice, alikuwa kidato cha tatu shule ya kutwa, na shule hiyo ililipwa na hiyo hiyo pikipiki.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Ilikuwa mwisho wa Februari, mwaka jana. Linet alikuja dukani peke yake, kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Alinunua vitu vyake vidogo, kisha akasimama.

"Bilal, ni kweli betri iko na chaji za kuhesabiwa?"

Kipyego alikuwa ameniambia hayo siku aliporudi kutoka mafunzo ya wenye pikipiki, nami nilikuwa nimesikiliza nusu huku nikipima maharagwe. Lakini mimi napenda kuonekana mtu anayejua. Hilo ni donda langu tangu utoto. Niliegemea kaunta nikafungua darasa.

"Kweli kabisa, Mama Janice. Inatoka kiwandani na idadi yake. Kila mkiichomeka, mmekata moja. Zikiisha zimeisha, hata muilie machozi."

"Hata kama ilikuwa imetumika kidogo tu? Kwenda hospitali na kurudi?"

"Hata kama mlizunguka nayo boma. Bora umechomeka, moja imeenda."

Nikacheka, maana niliona nimesema vizuri. Na yeye akacheka, lakini kidogo. Akachukua vitu vyake akaenda.

Wiki ya pili yake, siku ya Ijumaa, Kipyego aliingia dukani saa nne asubuhi. Ijumaa saa nne alipaswa kuwa mbele ya geti la hospitali. Nikadhani kuna msiba. Kumbe uso ulikuwa unang'aa.

"Wamempunguzia, Bilal! Daktari amesema Jumanne peke yake inatosha. Figo inaanza kuamka."

Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti, nikafungua soda mbili, mimi ambaye kila mtu hapa anajua sitoi kitu bure. Tulikunywa tumesimama. Hatukuuliza karatasi ya daktari. Habari zilikuwa nzuri, na Linet ndiye aliyezileta kutoka ndani, kwa sababu wasindikizaji hawaingii kule kwenye mashine. Kipyego alikuwa anangoja nje na pikipiki yake kivulini. Kuanzia hapo, Ijumaa zote alifanya kazi kutwa, na betri ikapumzika zile safari za hospitali.

Mwezi wa tano Linet aliacha kuvaa viatu vya kufunga. Alisema vimenywea kwa mvua. Uso ukajaa, nami kwa ujinga wangu nikamwambia amenenepa, figo zimekubali. Akanijibu, "Asante, Bilal," bila utani wowote, na hilo peke yake lilitosha kunishtua kama ningekuwa mtu wa kusikiliza. Kipyego alisema siku hizi mkewe analala ameketi, ameegemea ukuta, eti kitanda kimekuwa baridi. Hospitali ilikuwa ikipiga simu kuuliza Ijumaa zimeenda wapi, lakini namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya Linet mwenyewe.

Alifariki Jumatatu moja katikati ya Juni, asubuhi, ndani ya gari la jirani, kabla hawajaiona barabara kuu. Kipyego alikuwa mjini na maziwa.

Nilienda mazikoni. Sikujua wimbo hata mmoja, basi nikasimama nyuma, upande wa nyumba, na hapo ndipo nilipoikuta ile pikipiki chini ya paa, blanketi limewekwa juu ya betri vizuri na pembe zake zimekunjwa. Hata siku ile alikuwa ameifunika. Nililia pale, mtu mzima na ndevu zangu, na sikujali nani ananiona.

Aliyejua yote alikuwa Janice. Alikaa nayo mwezi mzima baada ya maziko, halafu akamwambia baba yake, na siku ya pili Kipyego akaja kuniambia mimi, akiwa amesimama mahali pake pale pale penye unga. Daktari hakuwa amepunguza kitu. Linet aliziacha Ijumaa mwenyewe. Janice alipogundua, alilia akamwomba mama yake aende, na Linet akamshika mikono akamwambia: "Hiyo betri imehesabiwa, Janice. Mimi nikiitumia yote kwa safari zangu, wewe utasoma na nini? Na usimwambie baba yako, atanibeba kwa nguvu."

Kipyego alisema maneno hayo bila kulia. Nilijua yalitoka wapi, nikanyamaza, na huo ndio uoga ninaouchukia mpaka leo.

"Nataka kujua hizo Ijumaa zilikuwa chaji ngapi," akasema. "Twende pamoja, Bilal."

Tulienda mjini kwa fundi Wahome, kijana anayetengeneza pikipiki za stima, mwenye kompyuta ya kusoma betri kutoka ndani. Alichomeka waya, akangoja, akatabasamu.

"Mzee, hii umeichunga! Miaka mitatu, na bado iko na nguvu asilimia tisini na tatu. Wengine wanaileta kwangu mwaka mmoja na imechoka. Unafanya aje?"

Kipyego hakujibu swali hilo. Aliuliza, "Hizo chaji zinazohesabiwa. Nikiichomeka kutoka hamsini mpaka themanini, hiyo ni chaji moja?"

"Hapana, Mzee. Hesabu ni ya kutoka sufuri mpaka mia. Ukijaza nusu leo na nusu kesho, hiyo ndiyo moja. Na hii yako ni ya chaji kama elfu moja mia tano."

"Sasa kutoka Kiplombe mpaka hospitali na kurudi. Watu wawili."

"Hiyo ni robo. Pengine haifiki."

"Ijumaa kumi na tano."

Wahome alikuwa bado anatabasamu, maskini, hakujua. Alihesabu kwa vidole. "Hazifiki chaji nne, Mzee. Nne kwa elfu moja mia tano? Hata hii mashine yangu haiwezi kuona tofauti."

Kipyego alimshukuru. Alikunja waya wa fundi vizuri, akamrudishia mkononi. Tulipotoka nje hakupanda; aliisukuma pikipiki kando ya barabara, nami nikatembea upande wa pili, na hivyo tukatoka mjini kama watu walioishiwa chaji. Watu wa bodaboda walitupigia kelele za mzaha. Hakuwasikia.

Tulipokaribia Kiplombe alisimama kupumzika, akaweka kiganja juu ya betri kwa mazoea, ingawa haikuwa na sababu ya kuwa moto. Nikaona siwezi kufika nyumbani na lile neno tumboni.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia kila ukichomeka moja imeenda. Aliniuliza dukani, mwisho wa Februari. Sikuwa najua, Kipyego. Nilitaka tu kuonekana najua."

Nilingoja anipige. Wallahi ningefurahi angenipiga. Aliinama akaiegemea pikipiki, akaniuliza bila kuinua uso:

"Alikuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Peke yake?"

"Peke yake. Alikuwa na ile sweta yake ya kijani."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwona. Kisha akauliza, taratibu sana, "Na alinunua nini?"

Nikamwambia. Masala ya chai ya pakiti ndogo, na kiberiti.

"Masala ya chai," akasema Kipyego. "Hiyo pakiti bado iko. Hatujaimaliza."