Kilo Kumi na Mbili za Tom

Nassor hakuzaliwa na jina la Mizani. Alipewa Guangzhou, China, katika ghala la mizigo alikofanya kazi miaka kumi na tisa, kwa sababu alikuwa akinyanyua furushi kwa mkono mmoja anakutajia uzito wake, na mizani ya ghala ikipimiwa furushi lile husema vilevile. Wanunuzi wa nguo walimletea kutoka soko la Shisanhang marobota makubwa kuliko wao wenyewe, naye aliyakandamiza na kuyafunga kamba mpaka yakabaki nusu. Mzanzibari mfupi, mpole, mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumwona mtu amebeba mzigo akamwacha. Kwenye metro ya kwenda Baiyun aliwahi kumpokea sanduku mama mmoja asiyemjua, yule mama akadhani anaibiwa. Ilibidi watu waje kuamua.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Tom, Mkenya wa Nairobi, mnunuzi wa vitambaa kule soko la Zhongda, mrefu, mbishi, mwingi wa maneno. Kila Ijumaa, Nassor akitoka msikitini, walikula pamoja. Kwa miaka kumi na mmoja hawakuwahi kukubaliana jambo lolote isipokuwa pilipili iwe nyingi.

Mwaka jana Tom alipata kiharusi. Madaktari walikiita kidogo, maana wao hawakulazimika kutembea nacho. Mguu wa kulia ukawa unaburuta. Mkewe, Jemimah, akampigia simu kila siku kutoka Nairobi kumtaka arudi nyumbani moja kwa moja, na Tom akagoma.

"Nikienda hivi nitakuwa nimerudishwa kama mzigo mbovu," alimwambia Nassor. "Nitakaa kwa kochi ningoje kufa. Wacha kwanza nijue kama bado naweza kujibeba."

Jinsi ya kujua alikuwa ameshaipanga. Laoban wake wa vitambaa, yaani yule mama mwenye duka, alitoka kaskazini ya mwisho kabisa ya China, na ukutani kwake palikuwa na picha ya msitu wa huko. Tom aliitazama picha ile kwa miaka akisubiri kupunguziwa bei. Daktari alimruhusu kubeba kilo kumi na mbili, zisizidi. Basi Tom akaamua: kilo kumi na mbili mgongoni, siku nne, mpaka juu ya kilima cha mwisho cha msitu ule. Nassor, ambaye hajalala kwenye hema tangu azaliwe, akasema anakwenda naye. Hakupelekwa na msitu. Aliamini kwamba rafiki yake akishinda atabaki Guangzhou, na akishindwa ataondoka, na yeye hakutaka aondoke.

Walipanda ndege mpaka Harbin, wakapanda treni usiku kucha, kisha wakaingia mwituni kwa miguu. Ilikuwa mwezi wa sita. Misonobari ilisimama pande zote, hakuna nyumba, hakuna mtandao wa simu, ardhi inadidimia miguuni kama godoro lililolowa. Mbu wa huko hawana adabu hata kidogo. Jioni Tom alisonga ugali kwa unga aliotoka nao Guangzhou, akalala kama gogo.

Siku ya kwanza alikuwa ameteseka. Nassor alitembea nyuma yake akiona shanta ile ya mgongoni inavyomvuta upande, na moyo ukamuuma. Kaskazini ile jua la mwezi wa sita huchomoza saa tisa na ushei za usiku, kwa hiyo mtu wa kusali alfajiri huamka mapema kupita kiasi. Nassor akaamka, akasali, akamwangalia mwenzake anavyokoroma. Kisha akafungua shanta ya Tom. Akatoa unga, mtungi wa gesi, makopo ya maharage na sufuria, akavitia kwenye yake. Mahali pake akajaza koti lake la manyoya na mto wa hewa alioupuliza, akapanga kifundi, shanta ikabaki na umbo lilelile. Akainyanyua kwa kidole. Kilo saba.

Siku hiyo Tom alitembea kama kijana. Akaimba nyimbo za kanisani, akamcheka Nassor kwa kuhema. "Mguu umerudi, bro," alisema mara tatu. "Unauona?" Nassor, mgongo unamkatika, akasema anauona. Wallahi, alifurahi kweli.

Jioni akawahi kuvirudisha vitu kwa siri; asubuhi ya tatu akarudia ujanja uleule. Saa nne mvua ikaanza, Nassor akiwa ameshuka kijitoni kujaza maji, na Tom akafungua shanta yake kutafuta koti la mvua.

Nassor aliporudi alimkuta ameketi juu ya jiwe, mto ule wa hewa uko mapajani.

"Hii ni kilo ngapi?" Tom aliuliza. "Usinidanganye, wewe ndiye mizani."

"Saba."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Tom akauminya mto ule mpaka ukatoa hewa yote. Mvua ikawanyeshea wote wawili.

"Jana nilikuwa nakuambia mguu umerudi," alisema. "Na wewe ulinitazama machoni ukaniambia unauona."

"Nilitaka uweze," Nassor alisema. "Ukiweza utabaki. Sitaki uondoke, Tom. Nitakaa na nani?"

"Basi ungesema hivyo. Nipe vitu vyangu."

Nassor akavirudisha kimoja kimoja. Akainyanyua shanta: kumi na mbili kamili. Tom akaivaa, akayumba, akajishika kwenye mti. Akamwambia Nassor atangulie na asigeuke nyuma hata mara moja.

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya Nassor, na amewahi kupakia kontena zima peke yake. Siku ile na nusu ya siku ya nne alitembea mikono mitupu, akisikiliza mguu unaoburuta nyuma yake. Chini ya kilima cha mwisho mguu ulinyamaza. Alisimama. Akasikia Tom anahema, akasikia fimbo yake ya kutembelea imeanguka, akasikia mtu mzima anapiga magoti kwenye matope kuitafuta. Nassor alijishika mikono yake mwenyewe asigeuke, akasema moyoni dua zote alizofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Muda mrefu ukapita. Kisha mguu ukaanza tena.

Tom alifika juu saa tisa alasiri, matope mpaka kifuani, shanta iko mgongoni. Chini yao msitu ulikwenda bila mwisho. Nassor akamkumbatia na shanta yake.

"Umeweza," alisema. "Nimesikia kila hatua. Sasa mpigie Jemimah ukitoka huku, umwambie unabaki."

"Nitampigia," Tom alisema. "Nitamwambia naenda nyumbani mwezi wa nane."

"Lakini umeweza."

"Ndiyo maana, Nassor. Kama ningeshindwa ningebaki pale Zhongda nikibishana na huu mguu mpaka uniue. Sasa naweza kwenda kwa mke wangu nikiwa mzima."

Nassor alitaka kubishana, kama walivyobishana miaka yote ile. Badala yake akakaa chini kwenye majani, akalia bila kujificha. Tom akateremka taratibu akakaa naye, bado amevaa shanta, na Nassor hakumwambia aivue.