Nilivyotenganisha panya wanne ili nimnase mwenzangu kazini

Wakuu, habari za leo. Hii ni story yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Kama unatafuta shujaa, pita tu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wanyama ya chuo fulani hapa Thika. Kabla hujauliza, hapana, hakuna simba. Ni panya weupe wa maabara na sungura kadhaa. Nawalisha, nabadilisha maranda, naosha cages, halafu narudi zangu nyumbani Kiuu.

Tuko wawili. Mwenzangu ni Mutua, anaishi Mwihoko, alitoka kiwanda cha biskuti pale Industrial Area akaja kwetu. Contract zetu zinaisha pamoja, na tulikuwa tumesikia mmoja tu ndiye atabaki.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia huyu jamaa kwa jicho lingine. Nikiri tu, mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema hata nikipewa chai ya bure nauliza ni ya nini.

Sasa kulikuwa na mwanafunzi, Wanjiru, na project yake ya mwisho. Alikuwa na panya wanane wadogo, wametoka tu kuachishwa kunyonya, wanne kwa kila cage. Aliwafundisha kutafuta chakula ndani ya sanduku la mbao lenye vichochoro. Halafu akaenda attachment, mafunzo ya kazini, mwezi mmoja. Cage moja akamwachia Mutua, nyingine akaniachia mimi. Akirudi angewapima tena, aone kama wanakumbuka, na kama wanaweza kujifunza njia mpya.

Wiki haikuisha nikapata makombo ya biskuti ndani ya cage yangu.

Damu ilinichemka. Biskuti ni za nani tena kama si za Mutua? Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu anataka panya wangu waharibike, nionekane sijui kazi.

Sikumuuliza. Mtu wa kushuku hapendi kuuliza, anapenda kunasa.

Nikachukua panya wangu, kila mmoja nikamtia kwa ndoo yake yenye kifuniko cha wavu, nikawapeleka store. Mbona ndoo nne? Ili akiguswa mmoja nijue ni yupi. Nikafunga kufuli, ufunguo nikatembea nao. Kila nikitoka nilibandika uzi mwembamba mlangoni, ili mtu akifungua ukatike.

Mwezi mzima sikukuta uzi umekatika. Unadhani nilitulia? Nilisema tu kumbe Mutua ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Na mambo nilikuwa nayaona. Wanjiru alikuwa amewatia alama za marker mkiani. Yule mwekundu alianza kuruka nikigusa kifuniko. Wa bluu alizunguka ndooni bila kupumzika. Nikaandika kwa kitabu: dalili za sumu.

Wanjiru akarudi, akawapima. Panya wa Mutua walinusanusa kidogo, wakaenda moja kwa moja hadi kwa chakula. Wangu, aibu tupu. Mwekundu aliganda kwa kona. Wa bluu aling'ang'ania kichochoro kile kile hata baada ya chakula kuhamishwa. Wa tatu alimuuma Wanjiru kidole.

Msimamizi wetu, tunamwita Daktari, alikuwa amesimama hapo. Nikatoa kitabu changu.

"Daktari, huyu Mutua amekuwa akiwapea kitu. Niko na record."

"Mimi? Kamau, aki kweli?" Mutua akauliza.

Daktari akamwambia akae nyumbani kwanza jambo lichunguzwe. Jamaa akavua dust coat, akaitundika, akaenda. Na mimi, wakuu, nilifurahi. Siwezi kuwadanganya.

Mchana huo Wanjiru akaomba aone mahali walikuwa wakikaa. Nikamfungulia store kwa fahari.

"Uncle, wamekaa hivi tangu niende? Kila mmoja solo?"

"Mwezi mzima. Hakuna mtu amewagusa."

Akaangalia zile ndoo. "Sasa hiyo si ndiyo shida?"

Akanieleza pole pole. Panya ni mnyama wa kikundi. Wanalala wamerundikana, wanasafishana manyoya, na wakiwa wadogo wanacheza kupigana, huko ndiko wanajifunza kuishi na wengine. Mtoto wa panya ukimfungia peke yake umri huo anaweza kuwa mwoga, mkali, na kubadilisha alichozoea kunamshinda. Sumu niliyokuwa nikiitafuta ilikuwa ni mimi.

Nilikaa chini kwenye gunia la maranda. Mtu alikuwa nyumbani bila kazi, ana watoto, kwa sababu yangu.

Nilienda kwa Daktari siku hiyo hiyo nikasema yote. Alinifokea mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Mutua akaitwa arudi.

Jumapili nikafunga safari hadi kwake Mwihoko kuomba msamaha. Nikamuuliza kuhusu biskuti.

"Nilikuwa napea wote, wako na wangu, wazoee mkono wa mtu," akasema. "Si ungeniuliza tu?"

Panya tumewarudisha pamoja. Wawili sasa wanalala wamebanana. Wa tatu anakaribia karibia. Mwekundu bado anakaa kona yake, wenzake wakimjia anawafukuza.

Funzo langu ni fupi: ukishuku mtu, muulize, kabla hujamjengea kesi kichwani.

Lakini hii ndiyo inaniuma. Mutua alisema amenisamehe, na hana maneno mabaya. Ila kila asubuhi namkuta amesimama nje ya chumba cha panya. Haingii mpaka nifike. Nikifika ananifungulia viganja vyote viwili nione hana kitu, ndio aingie.

Nimemwambia aache. Anasema, "Hapana Kamau, angalia tu."

Wakuu, nyinyi mngefanya nini? Nasoma comments zote, hata za kunitukana.