Mlango Niliousugua kwa Majivu

Aliyemuua baba mkwe wangu ni mwanawe mkubwa, kaka wa mume wangu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa naye ndani ya nyumba. Aliyewafichia ni mimi. Majina siyaandiki, lakini watu wa upande wa Kwamsisi wakisoma watajua. Hata siku zile walijua.

Tulikuwa tunahamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Mzee alikataa, akasema wazazi wake wamelala pale na yeye habanduki. Shemeji alikuwa ameahidi ofisini kwamba ukoo mzima utahama, na ukatibu wa kijiji alikuwa ameshaanza kuuota. Alasiri moja tukiwa shambani tukasikia yowe la shemeji. Tulimkuta mzee chini karibu na mlango, kichwa kimepasuliwa kwa panga.

"Fundi baiskeli!" shemeji akalia. "Nilikuwa nje, mlango uko wazi, nimemwona anampiga mzee!"

Fundi alikuwa mgeni kutoka Lutindi, na asubuhi ile alikuwa amegombana na mzee juu ya gurudumu. Wanaume walimkamata mikono bado ina grisi, wakamfunga kamba uani.

Polisi walikuwa mbali Korogwe, na wazee walitaka kuzika kabla ya magharibi. Kwetu nyumba yenye msiba husafishwa kwanza, na kazi hiyo ni ya mke wa mwana. Mama mkwe akaniambia, "Mkamwana, kandika ukuta. Watu wataingiaje humu?"

Nikashuka mtoni kuchota maji. Nilimkuta balozi anafua shati. Mwanamume ana wake wawili, anajifulia shati!

Niliporudi nilianza na mlango. Baba yangu alikuwa mchinjaji Handeni, na tangu utoto nilikuwa naosha kuta za machinjio. Damu inayoruka naijua. Palipozibwa na kitu, panabaki pasafi. Upande wa ndani wa mlango ule matone yalikuwa yametapakaa juu na chini, na katikati umepita mstari mkavu, upana wa kiganja, kutoka ukingo huu hadi ule. Hapo ndipo gogo la komeo hukaa. Mzee alipigwa mlango umekomewa. Sasa shemeji aliona nini akiwa nje? Halafu mzee, mgeni akiwa ndani, alikuwa hafungi mlango hata mvua inyeshe. Kwake ilikuwa aibu. Siku ile alijifungia na watu wake.

Nikasimama na majivu mkononi. Shemeji akaja nyuma yangu.

"Unasoma nini, shemeji? Mlango umekuwa gazeti?"

Wanawake wakacheka kidogo, msibani vile vile. Nikasugua. Kisha nikakandika ukuta vizuri, nikalainisha kwa kiganja kama wa harusi.

Kesho yake polisi akagusa udongo mbichi. "Nani kakandika hapa?"

"Mimi, afande."

"Uliona nini kabla ya kukandika?"

Shemeji alikuwa amesimama pale, ananitazama.

"Damu tu, afande."

Fundi alikaa mahabusu miaka, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Hakuna aliyehukumiwa mpaka leo. Shemeji aliupata ukatibu wake. Mume wangu alipokufa akanifukuza na watoto, na hapo ndipo nikapata mdomo. Ujasiri huo? Hapana. Ni hasira, nazo zimechelewa.

Nilipanda Lutindi nikamkuta fundi amezeeka, anakaza spoku za gurudumu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

Nikamwambia yote. Hakuniangalia.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla hawajanipeleka?"

"Ulikuwa umefungwa pale uani."

Akaweka gurudumu chini. "Mimi kwamba sikuua najua, mama. Hapo hujanipa kitu. Binti yangu ndiye hajui. Aliambiwa shuleni baba yako muuaji, na mpaka leo hali chakula changu. Kamwambie yeye."

Binti yuko Korogwe, ni mwalimu. Nimebisha hodi kwake mara mbili, mara ya pili alisema kupitia dirisha, "Mama, nenda zako." Nikaenda.

Mimi nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, na hati yangu mbaya. Lakini yeye anasoma. Binti, baba yako hakuua. Nilijua akiwa bado kwenye kamba, nikanyamaza. Ukitaka kumchukia mtu, nichukie mimi, halafu nenda ukale kwa baba yako.