Kosa Lililolala Majini

Niliondoka Kariakoo kwa sababu ya picha moja. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na Kichina nilijifunza ili nimsaidie shangazi yangu, anayeagiza viatu kutoka Uchina. Siku moja nikaona picha ya vipande vya mwanzi vilivyoandikwa hesabu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Nikamwandikia Profesa Fang, mama anayevisoma, nikaomba kuwa mwanafunzi wake. Akasema nije kwanza anipime.

Alfajiri moja tukaruka kwa ndege, mimi na shangazi. Yeye alibaki Guangzhou na viatu vyake. Mimi nikapanda treni kwenda Changsha, mashamba ya mpunga yakipita dirishani.

Changsha ilikuwa na mvua. Profesa alinipeleka kwenye chumba cha baridi, na hapo nikaviona: vyembamba, vimelala majini ndani ya vioo, wino bado mweusi. Nikajikuta nanong'ona kama niko msibani. Alinieleza kwamba kamba zilizoviunganisha ziliozea katika kaburi vilimozikwa, vikachanganyika. Kisha akaniwekea picha za vipande vichache, nivipange.

Hadi mchana nilikuwa navihamisha na kuvirudisha. Ilikuwa hesabu ya eneo la shamba, na jibu lilikataa kutoka. Nilijiona tayari nimeshindwa.

"Profesa," nikasema mwishowe, "kwa mpangilio wowote mwingine maneno hayaungani. Lakini kwa huu, jibu si sahihi."

"Mpangilio ni huo," alijibu. "Aliyeandika ndiye aliyekosea kuzidisha."

Dola la mwandishi huyo lilianguka, kaburi likajaa maji, na kosa lake limenifikia mimi, kosa ninalokutana nalo kila wiki darasani. Niliuliza kwa nini hawalifuti. Akasema jibu sahihi huliandika kitabuni mwao. Mwanzi ni wa mwenyewe.

Niliporudi Guangzhou nilimwambia shangazi kwamba Profesa amenipokea, kwa kuwa nilivipanga sawa, hivyo itabidi atafute mkalimani mwingine. Nilipomsimulia juu ya yule aliyekosea kuzidisha, akauliza huyo mtu alikuwa nani.

"Jina lake halijulikani, shangazi. Tunajua tu alivyohesabu."

"Basi nenda kamsome," akasema.

Nilirudi Dar kumalizia muhula. Shuleni, karibu na Mnazi Mmoja, nikikuta jibu lisilo sahihi sikimbilii tena kulikata. Nakaa na mwanafunzi, tunarudi pole pole mpaka pale alipopotea, maana nimejifunza kwamba hapo ndipo mtu anapoonekana akifikiri.