Mwonja Miwa Aliyekatazwa Kuonja

Jirani yangu Ulimi hakupewa jina hilo kwa sababu ya umbea, ingawa umbea nao anauweza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwonja wa shamba la miwa la kiwanda. Kila asubuhi alikata muwa mmoja, akatafuna pingili ya chini, akatema. Akatafuna ya karibu na kilele, akatema. Utamu ukilingana alisema, "Kateni," na wakataji wote wakashika mapanga. Enzi hizo watu waliamini vinywa vyao. Siku hizi mtu hajui kama ana njaa mpaka kifaa kimwambie.

Kikaja kifaa cha kupima sukari: tone moja la maji ya muwa, namba hiyo. Ulimi akafanywa mlinzi. Alinde nini? Miwa ya maabara! Mkuu wake akawa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye Ulimi mwenyewe aliwahi kumbeba mgongoni. Binti huyo alikuwa amebadilisha jeni za muwa.

"Mjomba, muwa wa kawaida unatengeneza sukari, halafu nyingine unaila wenyewe ili ukue. Huu tumeupunguzia ulaji, uweke akiba."

"Kumbe mmeufundisha uchoyo."

"Haya, uchoyo. Ila usiuonje, usalama wake bado haujapimwa. Ukitafuna nakuondoa getini, uwe mjomba usiwe mjomba."

Fisi kapewa bucha alinde. Alivumilia miezi kumi, na namsifu, maana meno yamebaki sita na yote yalikuwa yakimwasha.

Zilipobaki siku mbili kuvuna, namba zilikuwa nzuri hata mpwa akawa anaimba koridoni. Lakini Ulimi, pale getini, alikuwa ameona jambo: wapimaji walikata vipande vya chini tu, pale mkono unapofika bila kujinyoosha. Akawaambia. Wakamjibu, "Mzee, kifaa hakikosei." Basi akaingia shambani na panga lake.

Alipotoka alimkuta mpwa ofisini, mezani.

"Msivune. Chini asali, juu maji ya mtungi. Subirini wiki tatu, la sivyo miezi yako kumi imekwenda na maji."

"Umejuaje?"

Ulimi akajifuta kidevu.

"Mjomba! Umetafuna?"

"Nimetema."

Mpwa alipima upya, pingili kwa pingili hadi kileleni. Kifaa kikakubaliana na yale meno sita. Akaahirisha mavuno. Jioni hiyohiyo akamnyang'anya mjomba wake funguo za geti, machozi yakimlengalenga.

"Asingeninyang'anya ningemdharau," Ulimi aliniambia.

Sasa anashinda barazani kwangu na nakala ya ripoti ya maabara, kwa kuwa mimi nilijifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sabuni, naye hakujisumbua. Namsomea mstari uleule: "Kasoro iligunduliwa kwanza kwa njia ya asili."

"Rudia hapo."

Narudia.

"Njia ya asili," anasema, akijipapasa shavu. "Ndiye mimi huyo. Haya, mara ya mwisho."

Leo ni mara ya tisa.