Medali Ndani ya Kopo la Misumari

Medali ya baba, ile ambayo yaya, kaka yangu mkubwa, alisema ameiyeyusha ili kulehemu firimbi juu ya boila ya treni yake ndogo, niliikuta nzima siku ya Alhamisi, ndani ya kopo la maziwa ya unga analowekea misumari. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Jumamosi tulikuwa tutoshe kilio, ndivyo tunavyosema Lubumbashi kuondoa matanga, na treni ile ndogo ilikuwa iwashwe mbele ya ukoo wote, mama akiwa amekaa karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa natafuta misumari miwili ya kufungia turubai. Medali ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa katika kipande cha gazeti. Pembeni mwake palikuwa na alama ya tupa, fupi kama ukucha, na ndani ya alama hiyo rangi haikuwa ya fedha. Ilikuwa nyekundu. Shaba tupu, ile ile ambayo mji huu unaichimba kila siku.

Niliiviringisha tena, nikaitia mkobani. Afadhali nianze na mashine yenyewe.

Yaya ni fundi mitambo aliyestaafu. Mashine aliipata kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anafunga nyumba yake ili arudi kwao. Ni kichwa cha treni chenye urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, kilichotengenezwa kwa ajili ya reli ya bustani, lakini si mchezo wa watoto. Kina boila ya shaba na jiko la gesi chini yake. Unatia maji, unawasha gesi, unangoja sindano ya kipimo ipande, kisha kinakwenda kwa mvuke wa kweli. Kilikuja kikiwa cha kijani, chenye mistari myekundu.

Baba alianza kazi ya reli akiwa kijana, kwa kupiga koleo la makaa ya mawe, kabla ya umeme kuchukua njia. Tuna picha yake moja tu ya wakati huo, amesimama kando ya mashine kubwa nyeusi, kiwiko kikiwa juu ya ngazi. Baba alipofariki, yaya aliiweka picha hiyo juu ya meza yake ya kazi, na kwa mwaka mzima aliigeuza treni ya kijani iwe ile ya pichani. Alikata paa la kibanda cha dereva, akaliinua. Alirefusha dohani kwa kipande cha bomba. Taa ya mbele aliitoa kwenye baiskeli. Kibao cha namba alikichonga kwa shaba ya njano ya koki ya zamani, tarakimu moja kwa siku.

Rangi nyeusi ilikuwa na utaratibu wake. Kila kipande alichokipaka alikipeleka kwa mama muoka mikate, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mikate ikishatoka, tanuri likiwa bado na joto, kipande kiliingia kwa saa moja, kikatoka na rangi ngumu kama ya sufuria ya enameli. Majirani walilalamika kwa kicheko. “Mukate ya leo iko na ladha ya train,” walimwambia mama muoka mikate, na waliendelea kununua.

Kisha mama akaja kuiona. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

“Iko muzuri,” alisema. “Mais iko bubu.”

“Nitaweka ka haut-parleur chini, mama. Kidogo tu, ya électronique.” Yaya alimaanisha spika.

“Baba yenu hakukuwa redio.”

Sisi tulielewa. Miaka yote ile mama alijua baba anarudi kwa kusikia firimbi ya mashine yake ikiingia mjini, na hapo ndipo alipoteleka maji ya bukari, ugali wetu. Akifika mlangoni, chakula kilikuwa tayari. Kwa mama, mashine isiyo na firimbi ya mvuke haikuwa ya baba.

Lakini ili firimbi isimame pale inapoonekana pichani, ilibidi boila itobolewe. Kijitabu kilichokuja na mashine kilikataza jambo hilo kwa herufi nene. Yaya mwenyewe alinieleza sababu. Tundu lazima lilehemiwe kwa fedha. Risasi laini ya mafundi wa redio, tunayoiita eteni, inashika vizuri machoni, lakini maji yakipungua na moto ukiendelea, inalegea, na mvuke uliobanwa unakirusha chochote kilicho juu yake. Mafundi wa friji wana vijiti vyenye fedha. Yaya alikusudia kwenda kwao. Mama akaingia chumbani, akatoka na medali ambayo baba alipewa kwa miaka yake ya reli.

“Chukua hii. Feza ya baba iingie mu mashine ya baba.”

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, tayari alikuwa anawasimulia watu.

Yaya alikwenda mjini kwa sonara na medali mfukoni. Wiki moja baadaye firimbi ilikuwa imesimama juu ya boila, nzuri, nyembamba, na mguu wake ulikuwa umeshapakwa rangi nyeusi nzito. Niliona mambo mawili, na sikuyapa uzito. Kwanza, fedha huacha mstari wa manjano kwenye kiungo, eteni huacha wa kijivu, na hapa, chini ya rangi, mstari wowote haukuonekana. Pili, boila haikwenda tanurini. Ilikaa siku tatu juani juu ya bati.

“Tanuri iko na shida?” nilimuuliza.

“Tanuri iko bien. Kuko kaoutchouc mu boila, itaungua.”

Boila ilipopakwa rangi mara ya kwanza, mipira hiyo hiyo aliitoa kwa dakika kumi. Nilikubali tu. Ni Alhamisi, medali ikiwa mkononi, ndipo nilipokumbuka kwamba joto la tanuri lile linatosha kuyeyusha eteni.

Ijumaa nyumba ilijaa. Ndugu walifika kutoka Lukafu na magunia ya unga wa mahindi, na yaya hakuwa peke yake hata dakika moja. Nilimpata Jumamosi asubuhi, uani, amepiga magoti kando ya reli aliyoitandika kuzunguka mti wa avoka. Alikuwa anatia maji ndani ya boila kwa sindano kubwa ya plastiki.

“Yaya, nilikuwa natafuta misumari.”

“Ukapata?”

“Nilipata medali.”

Hakuacha kutia maji. Alimaliza, akafunga kifuniko, akajifuta vidole kimoja kimoja.

“Bijoutier wa mjini alipitisha tupa mara moja tu. Akaniangalia. Akasema, ‘Papa, hii ni shaba, feza banapaka tu juu.’ Ungetaka nimurudishie mama? Nimwambie nini?”

“Hiyo nimeielewa. Nauliza firimbi. Uliweka nini?”

“Niliweka kile kinashika.”

“Cha friji ao cha redio?”

“Weye na maulizo yako. Shi ungebaki kwa micro yako, uache mashine kwa benye kuijua.” Kazi yangu ni kuuliza watu maswali redioni.

“Mama atakaa hapa, yaya. Hatua mbili.”

“Kama maji iko ndani, hakuna kitu kitaruka.”

Nilimtazama. Sikuwa nimemuuliza habari ya maji.

Hapo mama akatoka. Alikuwa amevua nguo nyeusi za mwaka mzima, amevaa kitenge kipya cheupe chenye maua ya bluu, na wanawake wawili walikuwa wanamfuata na kiti chake.

“Feza ya baba yenu iko tayari?”

“Iko tayari, mama,” yaya akasema.

Mama akanigeukia, akingoja na mimi niseme kitu. Nikasema kitenge kimempendeza.

Nilichofanya ni kidogo. Nilifungua kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga toka kwenye avoka hadi kwenye nguzo ya pipa la maji, nikawaweka watoto wote nyuma yake, na wakubwa pia. Nilisema ni kwa sababu ya gesi. “Huyu anatufunga sawa mbuzi,” shangazi alilalamika, lakini walitii. Mama hakutii. Kiti chake kilibaki kando ya reli.

Gesi iliwaka kwa mvumo mdogo. Sindano ya kipimo ilifika moja, ikakaa, ikafika mbili. Ilipokaribia tatu, vali ya usalama ikapumua mvuke mweupe. Mashine iliondoka, ikazunguka mti mara mbili, polepole, fito zake zikipanda na kushuka kama viwiko vya mtu anayetembea. Yaya aliisimamisha mbele ya mama na kumpa uzi mwembamba uliofungwa kwenye firimbi. Kisha akasogea. Aliweka mguu mmoja upande wa pili wa reli, akageuka, mgongo wake ukawa kati ya boila na uso wa mama, na ikabidi mkono wa mama upite chini ya kwapa lake ili auvute uzi.

Firimbi ililia. Ilikuwa nyembamba, ya juu, ndefu kuliko nilivyotarajia.

“Mutereke maji,” mama alisema. “Amefika.”

Watu walicheka, na baadhi yao wakaanza kulia wakiwa bado wanacheka. Mimi nilikuwa naangalia mguu wa firimbi. Palikuwa na duara la maji pale, lenye kung'aa juu ya rangi. Mvuke wa firimbi ukipoa hurudi kuwa maji na kuteremka. Hilo ni kweli, na huenda ni hilo tu. Yaya alilifuta kwa kitambaa kabla sijafika. Alikuwa ameahidi mizunguko mitano. Alizima gesi baada ya ile miwili na kusema kuna upepo. Majani ya avoka yalikuwa yametulia.

Tangu siku hiyo mashine iko katika kabati la vioo la mama, sebuleni, chini ya picha ya baba. Ufunguo anautunza pamoja na rozari yake. Nimemuuliza yaya mara mbili zaidi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alisema hakumbuki, yeye anayekumbuka ukubwa wa kila skrubu aliyowahi kufunga. Medali bado iko mkobani mwangu, katika gazeti lake.

Mama ameamua mashine iwashwe tena Noeli, na safari hii kila mjukuu atavuta uzi. Wameshapanga foleni yao. Mdogo kabisa ndiye wa kwanza. Ncha ya kisu ingetosha kukwangua rangi chini ya firimbi na kuonyesha kama kilichopo ni manjano au kijivu. Nilimwomba mama ufunguo wiki iliyopita, nikasema nataka kuisafisha. Alikataa. Alisema hataki mtu yeyote aiguse fedha ya baba.